Ubao wa Ndege Kule Chiola

Mpaka leo nikisikia mtu akisema kwamba kulisha ndege kunatuliza moyo, huwa natazama pembeni. Mimi niliwalisha karibu miaka miwili, nyuma ya nyumba yangu kule Chiola, kwa mtama ambao jasho lake kubwa halikuwa langu. Nilikuwa namngoja ndege mmoja tu. Walikuja wengine wote, tena kwa makundi, lakini yule hakuja, na kabla sijajua kwa nini hakuja nilikuwa nimeshamharibia mwaka mzima mtu ambaye hakuwahi kunikosea.

Nianze na ubao wenyewe.

Nilipotoka sekondari nilipata kazi ya karani wa stoo Nachingwea, kwenye ule mradi mkubwa wa karanga. Watu wa rika langu hawahitaji kuelezwa habari zake. Kwa vijana nitasema hivi: Wazungu walikuja na matrekta, wakang'oa msitu, wakapanda karanga, karanga zikawashinda, wakaanza kuondoka. Mimi nilikuwa nikitoa vipuri na magunia, na nilivaa soksi ndefu.

Funguo za stoo zililala kwa fundi wa matrekta, Mzungu mmoja mpole asiyependa maneno, na kila asubuhi nilipita nyumbani kwake kuzichukua. Nyuma ya nyumba yake alikuwa amesimamisha nguzo, na juu ya nguzo amepigilia ubao mpana kama sinia la wali. Kabla ya kunywa chai alikuwa ameshaweka pale mtama, makombo ya mkate, na takataka nyingine za mezani ambazo nilidhani mpishi wake anazitupa hapo kwa uvivu. Kisha alikaa na kikombe chake, akitazama. Walikuja tetere, shomoro na mnana. Na asubuhi nyingi, hao wakishatawanyika, alikuja kurumbiza.

Asiyemjua kurumbiza nitamweleza. Ni ndege wa manjano, kichwa cheusi, mdomo mwekundu, na sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Hukaa juu kwenye majani mazito, na watu wengi humsikia maisha yao yote wasimwone. Pale kwa fundi alitua kwenye ubao, hatua chache kutoka kwenye kikombe cha chai, kama mtu aliyealikwa. Nilisimama na funguo mkononi mpaka nikachelewa kufungua stoo. Nikajiambia kwamba siku nikiwa na uwanja wangu wa nyuma, nami nitakuwa na ubao, na kurumbiza atakuja.

Siku moja, nikitaka kuonekana mtu wa msaada, nilizisukuma zile takataka zikaanguka chini, nikabakiza nafaka tupu. Fundi alinitazama tu. Kesho yake zilikuwa zimerudi. Nikafikiri moyoni kwamba kumbe Wazungu nao wana wachafu wao.

Mradi ulipopunguzwa, fundi alifunga masanduku yake. Nilimwomba ule ubao. Alicheka kidogo, akaing'oa misumari yeye mwenyewe, akanipa. Nami kazi yangu iliisha mwezi huohuo. Nikaufunga ubao kwenye baiskeli nikarudi Chiola kushika jembe.

Nasema nilirudi, lakini Chiola hakukuwa kwetu. Kulikuwa ukweni. Kwa desturi yetu kijana humfuata mke kwao, hujenga karibu na mama mkwe, na mikono yake huwa ni mikono ya shamba la mama mkwe mpaka waone ameiva. Nilipokuwa karani niliikwepa kazi hiyo kwa kutuma sukari na mafuta ya taa. Sasa sukari ilikuwa imekwisha. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, na shamba lake la mtama lilianzia pale ulipoishia ua wangu wa mabua.

Desturi ya pili ni kwamba mkwe na mama mkwe hawasemezani. Tukikutana njiani, mimi niliingia majanini upande mmoja, yeye alijitanda kanga usoni akachuchumaa upande mwingine, mpaka mmoja wetu apite. Likiwapo jambo, alimtuma binti yake. Na likiwa jambo la haraka, binti yake hayupo, alisimama upande wake wa ua akamwambia mbuzi.

"Wewe mbuzi, paa la jikoni linavuja."

Mkwe aliyelelewa vizuri husikia, halafu kesho yake anaonekana juu ya paa na nyasi mkononi, kana kwamba wazo ni lake mwenyewe. Hakuna aliyetuma, hakuna aliyetumwa, na heshima ya kila mtu imebaki mahali pake. Ni utaratibu mzuri kwa watu wenye nia njema.

Tena ulikuwa na mwisho wake. Mtoto wa kwanza akishatembea, mkwe hupeleka kitambaa na jogoo, wanakula pamoja, na tangu siku hiyo wanasemezana kama mama na mwana. Hilo tuliliita kufungua mdomo. Mtoto wetu alikuwa haendi tena kwa kutembea, anakimbia. Kitambaa nilikuwa nacho sandukuni, nilikinunua Nachingwea nikiwa bado karani. Mke wangu aliniuliza habari zake mara nyingi. Nilimjibu tungoje mavuno. Nikamjibu tungoje mfungo uishe. Nikamjibu tungoje jogoo anenepe, na jogoo akanenepa mpaka akawa hawezi kuruka ua.

Ukweli, ambao nausema sasa wakati haumfai tena mtu, ni kwamba niliupenda ule ukimya. Nilikuwa kijana wa sekondari niliyeshushwa kwenye jembe, na sikutaka kuongeza mtu wa kuniambia jinsi ya kulishika.

Na mengi yalikuwapo ya kuniambia. Nilizaliwa Narung'ombe, upande wa Ruangwa, katika ukoo wa wakulima watupu, lakini nilipelekwa bweni nikiwa mdogo. Miezi ile ambayo wenzangu walikuwa wakiamia ndege, mimi nilikuwa nikikariri mito ya nchi za watu. Kuamia ndege ni kazi ya kukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tangu mapambazuko mpaka jua lizame, ukiwa na kombeo na debe bovu, ukipiga kelele ili mtama usiliwe kabla haujakomaa. Mtu aliyekulia kwenye dungu anamjua kila ndege, anajua anakula nini, anakuja saa ngapi na anaogopa nini. Mimi nilijua ndege kwa kuwatazama kutoka barazani kwa Mzungu.

Basi nilisimamisha nguzo nyuma ya nyumba, chini ya mkorosho mchanga, nikaupigilia ubao. Kila alfajiri baada ya swala nilipanda ghalani nikachota mtama kwa kata, nikaumwaga pale, kisha nikakaa kwenye kigogo na kupiga mluzi nikiiga sauti ya kurumbiza. Ghala lilikuwa letu na la mama mkwe kwa pamoja, kama ilivyo kwa watu wanaolima shamba moja. Nilisema moyoni kwamba kata moja si kitu.

Siku ya tatu walikuja shomoro. Wiki ya pili wakaja tetere, wawili wawili. Kisha mnana, kisha kweche na wekundu wao, kisha kwelea, ambao mtu halazimiki kuwaalika mara mbili. Baada ya mwezi mkorosho ulikuwa umening'inia viota vya mnana kama masufuria ya mchuuzi. Kurumbiza nilimsikia. Alikuwa upande wa pili, kwenye miti mikubwa iliyokuwa karibu na nyumba ya mama mkwe, akimimina maji yake asubuhi nzima. Nilipiga mluzi, akajibu. Nilipiga tena, akajibu. Hakuja.

Nilibadilisha nafaka. Niliweka mtama mwekundu, nikaweka mtama mweupe. Nikaweka ufuta, jambo ambalo mke wangu hakulisahau. Nikausogeza ubao mara tatu, kwani nilidhani kasoro ni kivuli. Kila nilipobadilisha kitu, kwelea waliongezeka na kurumbiza akabaki kulekule.

Watu walicheka. Gulioni mzee mmoja muuza tumbaku alimwambia mjomba wa mke wangu, mbele yangu, kwamba mkwe wao amefungua hoteli ya ndege. Mwingine akadakia kwamba anafuga kwelea na mwakani ataanza kuwakama. Mjomba hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa na kauli juu ya dada yake na watoto wa dada yake, na mkwe mwenye akili humchunguza mjomba anapokosa kucheka. Mimi nilichunguza bei ya betri za tochi.

Mwaka wa kwanza tulinusurika. Mvua ilikuwa nzuri, mtama ulizaa sana, na mama mkwe na mke wangu walipokezana juu ya dungu na kunipa zamu za mchana, saa ambazo hata ndege wanapumzika. Kona moja ya shamba ililiwa. Nilisema kona moja huliwa kila mwaka.

Mwaka wa pili, mtama ulipoanza kutoa masuke, mke wangu alikuja kunikalia mbele pale kwenye kigogo. Alikuwa na ujumbe.

"Mama anasema ndege wako wanautazama mtama wake kama watu wanaongoja futari."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilichukua kijiti nikamchorea chini: huu hapa ubao, hili hapa shamba. Nikamweleza kwamba aliyeshiba haibi. Kama ndege watapata chakula cha kutosha upande huu wa ua, watakuwa na haja gani na masuke mabichi ya upande ule? Nikasema kwamba kwa kweli ninamsaidia mama kazi ya kuamia. Nililieleza vizuri, kwa sauti ya darasani, na ninakumbuka nilifurahishwa na mchoro.

Alitazama mchoro, akautazama mkorosho.

"Aliyekufundisha hayo alikuwa na shamba?"

Fundi alikuwa na uwanja wa majani na mpishi.

Jioni ile mke wangu alichukua ngazi ya ghala akaipeleka kwa mama yake. Hakunifokea. Alisema tu kwamba kilichobaki ndani ni cha watu mpaka mavuno, na kwamba mtoto anakula uji mara mbili lakini ndege wanakula kutwa. Mimi nilikuwa na mtama kidogo kwenye kikapu uvunguni. Nikaupunja, nikatupia mara moja kwa siku. Siku ulipokwisha, ndege walikaa kwenye ubao mtupu na juu ya ua, wengi kuliko siku zote, wakinitazama. Naungama kwamba niliona aibu mbele yao, kama mwenyeji aliyeishiwa na chakula wageni wakiwa wamekaa mkekani. Aibu hiyo niliyoona mbele ya kwelea sikuwahi kuiona mbele ya mama wa mke wangu.

Wiki hiyohiyo ilikuja habari kwamba shangazi ya mke wangu amefariki Lionja. Mke wangu akamfunga mtoto mgongoni akaenda matangani pamoja na jamaa wengine. Mama mkwe alibaki, kwa sababu mtama haukuwa wa kuachwa. Punje zilikuwa bado laini. Ukizibana zinatoa maji meupe. Hizo ndizo siku ambazo kwelea anazitaka kuliko zote, na ndizo siku ambazo mtu haondoki shambani hata kwa homa.

Asubuhi yake nilikuwa nikinyoa ndevu mbele ya kioo kilichotundikwa kwenye ua. Nilisikia hatua upande wa pili, halafu kamba ya mbuzi ikivutwa.

"Wewe mbuzi," alisema mama mkwe, "wiki hii usiende mahali. Mtama uko kwenye maziwa. Mgongo wangu mbovu, siwezi kukaa juu peke yangu kutwa."

Akayarudia yote tangu mwanzo, polepole. Nilisikia kila neno. Nilisimamisha wembe ili nisikie vizuri zaidi. Na baada ya kusikia nikamalizia shavu la pili, nikajiambia kwamba mimi si mbuzi.

Nilikuwa nimeshaamua kwenda Narung'ombe kwa mama yangu kutafuta mtama wa ndege. Nilijifanya naifuata akili: nikileta gunia, ubao utajaa, ndege watashiba, shamba litapona, na mama mkwe mwenyewe atakubali kwamba mchoro ulikuwa sahihi. Nikapanda baiskeli jua likiwa bado chini. Nilipopita pembeni ya shamba nilimwona juu ya dungu, amenigeuzia mgongo kwa heshima, mkono mmoja ukipiga debe.

Nilikusudia kulala usiku mmoja. Njiani tairi lilipasuka, nikasukuma baiskeli mpaka jioni. Mama yangu alifurahi kuniona hata akachinja. Nilipomwambia kwamba kwangu nafaka imekwisha, hakuuliza imekwishaje. Alidhani ni ya mtoto. Alipanda ghalani kwake, akanijazia gunia kutoka kwenye akiba yake ya mwisho, akalishindilia kwa ngumi ili mtama uingie mwingi, akaomba radhi kwamba una fukusi. Nilikaa siku ya pili kuziba tairi, na siku ya tatu kwa kuwa palikuwa na chakula na hapakuwa na mtu wa kuniuliza juu ya ndege. Siku ya nne nikaondoka.

Nilifika Chiola alasiri. Ubao ulikuwa mtupu, mkorosho umenyamaza. Kwa muda mfupi nilifikiri wameondoka, nikasikitika. Halafu nikasikia sauti kutoka ng'ambo ya ua, kama mvua inayonyesha juu ya majani makavu, na hapakuwa na wingu.

Nililiacha gunia kwenye baiskeli nikapita ua. Mabua yalikuwa yameinama kwa uzito wa ndege. Kila suke lilikuwa na mnana au kwelea watatu, wanne, wamelishika kwa kucha, wakikamua maziwa na kutema maganda, na chini udongo umekuwa mweupe. Mama mkwe alikuwa juu ya dungu. Mdomo wake ulifunguka lakini sauti ilikuwa imekwisha. Alikuwa akilipiga debe taratibu kama mtu anayetwanga akiwa usingizini. Nilivua shati nikakimbia katikati ya mistari nikilizungusha na kupiga kelele. Wakaruka. Walizunguka mara moja juu ya kichwa changu, wote kwa pamoja, wakatua tena hatua ishirini mbele.

Nikawafuata, wakafanya vilevile. Nikawatupia udongo. Wengine hawakuruka kabisa, walisogea tu suke la pili. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini debe halikuwa limesaidia kitu siku tatu. Ndege wa mashamba mengine waliogopa watu. Hawa walikuwa wamezoea kula mbele ya mtu aliyekaa kwenye kigogo akiwapigia mluzi. Mimi ndiye niliyewazoeza.

Niliendelea kukimbia mpaka jua likaanza kushuka. Mama mkwe akateremka kwenye dungu, mguu mmoja baada ya mwingine, akashika njia inayopita nilipo. Niliingia kwenye mabua kumpisha, nikageuza uso. Nilingoja hatua zake zipite. Hazikupita.

"Baba," alisema.

Sauti yake ilikuwa imekauka, nusu ya sauti. Alisema kwa Kimwera, nami naandika kwa Kiswahili kama nilivyoelewa. Niligeuka kwa mshtuko. Hakuwa amejitanda. Nilimwona uso kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na sikujua niweke wapi macho.

"Huyo unayemngoja hali mtama."

Nililivuta shati kufunika kifua.

"Yule wa manjano. Nakusikia kila asubuhi unampigia mluzi. Yule anakula wadudu, na tunda likiiva. Ungemwekea papai. Mipapai ninayo mitatu pale, mapapai yanaozea juu, ndiyo maana haondoki kwangu." Alivuta pumzi. "Ningekuambia tangu mwaka jana. Nilikuwa nangoja kitambaa."

Akaenda zake. Nilibaki kwenye mabua na shati mkononi, na kilichonijia akilini, katika yote ambayo yangenijia, ni zile takataka za mezani juu ya ubao wa fundi. Yalikuwa maganda ya papai. Niliyaona kila siku. Niliyasukuma kwa mkono wangu mwenyewe.

Mjomba alifika kesho yake. Alizunguka shamba lote bila haraka, akivunja suke hapa na pale na kulitazama kwenye kiganja. Nilimwamkia, akaitikia. Kisha akaliona gunia, bado limefungwa kwenye baiskeli.

"Mkwe, hili ni la nani?"

Nilitaka kusema ni la nyumbani. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mama yangu kwa gunia hilohilo.

"La ndege, mjomba."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikiliza habari ya msiba wa mbali.

"Basi ndege wameshakula la kwao. Hili ni la dada yangu."

Halafu akanieleza uamuzi wake, kwa adabu, akinitazama magoti. Nitarudi kwetu. Nitalima huko, au nitaomba, au nitajua mwenyewe, lakini nitaleta mtama mpaka ghala la dada yake lifike pale ambapo lingefika. Siku nitakapomaliza, nitakuwa na ruhusa ya kuuliza kama bado nina mke. Sikupinga. Hakuna shule iliyonipa cha kupinga.

Mke wangu alirudi kutoka Lionja siku iliyofuata. Njiani alikuwa ameshasikia yote, na alikuwa na msiba wake mwingine machoni. Alimshusha mtoto, akakaa kizingitini, akaniuliza jambo moja tu.

"Mbuzi hakukuambia?"

"Aliniambia," nikasema.

Hakuniuliza tena.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda chini ya mipapai ya mama mkwe, nikaokota papai lililoanguka, limepasuka, limeanza kuchacha. Nilifanya hivyo kwa kutaka kujua tu. Nikaliweka kwenye ubao, nikaingia ndani kufunga mzigo. Sikukaa kwenye kigogo wala sikupiga mluzi. Nilipotoka na mkeka wangu alikuwa pale.

Alikuwa mkubwa kuliko nilivyomkumbuka. Alichovya mdomo mwekundu kwenye papai, akainua kichwa cheusi, akameza, akachovya tena. Aliniona na hakujali. Miaka miwili, na ilimchukua muda wa kukunja mkeka. Nilisimama nikijaribu kuiona furaha niliyokuwa nimeiwekea akiba siku zote zile, nikaona hasira tu, na sijui hata leo ilikuwa hasira juu ya nani kwanza. Nikavua katambuga mguuni nikamtupia. Ikalipiga papai. Yeye akaruka akaenda kwenye miti yake ng'ambo ya ua, akaanza kuimba.

Narung'ombe nilimweleza mama yangu ukweli juu ya gunia. Alicheka, akidhani namtania, na alipoona sitanii akaacha kucheka, na hakunitania tena kwa muda mrefu. Nililima naye mwaka ule. Nilikaa juu ya dungu, mtu mzima na soksi zake za ukarani, nikifundishwa na mama yangu nani anakuja alfajiri na nani anakuja jua likipoa. Mavuno yalipotoka nilianza kupeleka Chiola, gunia baada ya gunia, nikisukuma baiskeli panapopanda. Nilikabidhi kwa mjomba, nikageuza. Siku aliyosema imetosha, alinionyesha nyumba yangu kwa kidevu. Mke wangu alikuwa mlangoni. Alinipokea mzigo. Hayo mengine tuliyamaliza wenyewe, kwa miaka.

Kesho yake nilitoa kitambaa sandukuni. Kilikuwa na alama ya mkunjo isiyotoka. Jogoo yule mnene alikuwa ameliwa wakati wa shida, nikanunua mwingine. Mke wangu alivipeleka kwa mama yake kama inavyotakiwa, nami nikakaa nikiwa nimevaa kanzu, nikingoja kuitwa kula.

Alirudi navyo vyote viwili, jogoo kwapani.

"Mama anasema anashukuru. Anasema mpe mtu mwingine. Anasema mdomo wake aliufungua mwenyewe siku ile, akasema la kusema."

Nilimwendea mjomba. Alisema hilo haliko mikononi mwake, na kwamba hakuwahi kusikia mkwe aliyeleta kitambaa baada ya mdomo. Basi tukarudi kwenye desturi ya mwanzo. Tukikutana njiani nilipita majanini, naye alijitanda na kuchuchumaa. Ubao niliupasua kuni. Zamu zangu za dungu nilizishika zote, za alfajiri na za jioni, na sikusubiri kuambiwa.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo. Mbuzi wake alikufa, akafuga mwingine, na baada ya huyo mwingine. Kila asubuhi nilisimama karibu na ua na jembe mkononi, tayari, nikisikiliza. Nilimsikia akiamka, akifagia, akimlegezea mbuzi kamba na kumwagia maganda ya mihogo. Hakumwambia kitu.